Chuma kikishatoka motoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kumalizia kazi ya uhunzi na kutengeneza zana nyumbani

Ninafanya kazi za chuma Ngamiani, Tanga. Mchana nachomelea mageti na madirisha kama mafundi wengi wa mjini. Jioni na Jumapili nawasha tanuri dogo uani nyumbani na kufua zana za mkono: patasi, tindo (patasi ya kukatia chuma), koleo, visu, na tezo za mafundi wa mashua (shoka la kuchongea mbao lenye ubapa uliokaa mkingamo kama jembe). Wanaokuja kuuliza huanza na moto na nyundo, nami nawaelewa, maana huko ndiko kwenye cheche. Lakini maswali yanayorudi mwezi baada ya mwezi ni ya baadaye, chuma kikishapoa: mbona kimeota kutu, mbona makali yamekunjika, mbona mpini unacheza. Haya hapa ni majibu ninayowapa wanaofanya kazi hii majumbani mwao, mwambao huu wetu.

Nilimaliza kisu Ijumaa, Jumapili kina kutu. Nimekosea wapi?

Pengine motoni hukukosea kitu. Upepo wa kusi unapita juu ya bahari kabla haujaingia uani kwako, na unakuja na chumvi. Chumvi ikitua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Kutu ni kazi ya umeme huo mdogo unaotembea juu ya uso wa chuma kutoka doa moja hadi jingine. Ndiyo maana chuma kitupu kinachostahimili Lushoto huko milimani, ukikileta Raskazone kinabadilika rangi mbele ya macho yako.

Kuna vyanzo viwili vya chumvi ambavyo watu huvisahau. Cha kwanza ni maji ya kuoshea. Maji ya kisima kilicho karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, hata kama kwa kufulia nguo yanatosha. Cha pili ni vidole vyako. Niliwahi kumkabidhi mteja patasi niliyoing'arisha kwa siku nzima. Akaishika, akaisifu, akaifunga kwenye gazeti akaenda nayo. Baada ya wiki aliirudisha, na alama ya dole gumba lake ilikuwa pale pale kwenye bapa, imechorwa kwa kutu, mistari ya ngozi yote inahesabika. Hakuna aliyekosa. Nilikuwa nimeing'arisha nikaiacha tupu.

Siku hizi utaratibu wangu ni huu, na siuruki hata nikiwa na haraka: naosha kwa sabuni, nasuuza kwa maji ya mvua (nina pipa chini ya mfereji wa bati), nafuta, kisha nakiweka chuma juu ya jiko mpaka kishindwe kushikika kwa mkono mtupu. Hapo ukitazama utaona ukungu mwembamba unatoka kwenye mashimo madogo ya nyundo na kwenye kona. Ni maji uliyodhani umeyafuta. Ukungu ukiisha ndipo napaka mafuta, chuma kikiwa bado cha moto, na tangu hapo nakishika kwa kitambaa. Mafuta yaliyopakwa juu ya unyevu hayazuii kutu. Yanaifunika tu isionekane mapema.

Magamba meusi yanayotoka motoni niyaache au niyatoe?

Inategemea yameshikaje. Magamba ni chuma kilichoungana na hewa kikiwa cha moto. Yale yanayobanduka ukigonga yatoe yote, kwa sababu maji yataingia chini yake na rangi au mafuta yako yatabanduka pamoja nayo. Wakati rahisi wa kuyatoa ni moto wa mwisho: chuma kikianza kupoteza wekundu, kipige brashi ya waya kwa nguvu, kirudishe motoni kidogo, kipige tena. Dakika mbili hapo zinakuokolea saa nzima ya msasa.

Yaliyobaki, weusi laini ulioshika kama ngozi, ukiyaacha yana uzuri wake. Sipendi kazi ya kufua iliyosagwa yote kwa grenda mpaka ikafanana na kitu cha dukani. Mtu amelipia alama za nyundo.

Ukitaka uso mtupu kabisa, tumia uchachu. Siki ya kawaida usiku kucha inatosha. Asubuhi magamba yanatoka kwa brashi kama masizi. Maji ya ndimu nayo yanafanya kazi, ila utamaliza ndimu za mtaa mzima. Mimi natumia birimbi, kwa kuwa mti uko uani na matunda yanaanguka bure. Bibi zetu walisugulia vyombo vya shaba kwa birimbi na ukwaju, nasi tunajifunza tu kwao. Birimbi ina asidi ile ile inayouzwa madukani kwa kuondolea madoa ya kutu. Ponda, tia maji kidogo, zamisha chuma, kifunike. Ukitoa, kisugue, kisuuze, kisha kichovye kwenye maji yaliyotiwa soda ya kuokea ili uchachu ufe, ukisuuze tena. Bila soda, uchachu uliojificha kwenye kona utaleta kutu ya rangi ya chungwa kabla hujamaliza chai.

Onyo: fanya hivi kabla ya kukaza makali, yaani kuyafanya magumu kwa kuyapasha na kuyachovya. Chuma cha springi kilichokwisha kukazwa kikikaa kwenye asidi kinaweza kupasuka kwa ndani. Na asidi ya betri usiilete nyumbani kabisa, yupo mtoto.

Mafuta gani ni bora? Ya nazi yanafaa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nazi ndiyo jibu ambalo kila mtu wa Tanga anatamani kulisikia. Mimi pia nilitamani. Kuna mwaka nilitengeneza kulabu na bawaba za dirisha, nikazipaka mafuta ya nazi zikiwa za moto, zikang'aa vizuri sana. Masika ilipoingia zilikuwa zinanata, zimeshika vumbi la barabara, na chini ya vumbi kutu imekaa kama chawa chini ya nywele. Ikabidi nizifanye upya zote bila malipo.

Sababu ni tabia ya mafuta yenyewe. Kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Yanayokauka huungana na hewa na kugeuka ngozi ngumu. Mafuta ya kitani (linseed) ndiyo mfano mkubwa. Ya alizeti yako katikati, yanakauka yakisaidiwa na joto. Ya nazi na ya nyonyo hayakauki: yatabaki mafuta hata ukisubiri mwaka. Wazee wa majahazi walilijua hili. Hawakupaka mbao mafuta ya nazi, ingawa nazi zilikuwa zimewazunguka; walipaka sifa, mafuta ya papa, yenye harufu ya kukimbiza wageni, kwa kuwa sifa hukauka na kushika. Mimi sipaki sifa vitu vya ndani, wala wewe hutataka.

Kwa hiyo kitani kwa kazi ya ndani inayokaa mahali pamoja. Alizeti kwa vitu vya jikoni. Nazi haikosi kazi: ni nzuri kwa kufutia zana inayotumika kila siku, ambapo utafuta na kupaka tena kesho. Na nta ya nyuki juu ya yote. Nta inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo chuma kikiwa na joto la kikombe cha chai iliyochemka, unaisugua tu inaenea yenyewe. Nunua nta halisi kwa warina asali wa Handeni. Mshumaa wa dukani si nta ya nyuki.

Nipakeje mafuta ya kitani yakawa meusi na magumu?

Pasha chuma polepole juu ya mkaa usio na mwali. Tone la maji likianguka juu yake na kurukaruka, uko karibu. Pasha kidogo zaidi, mpaka mafuta yakiguswa yatoe moshi mwembamba bila kuwaka. Paka kwa kitambaa cha pamba, safu nyembamba mno, kana kwamba umekosea kuipaka na sasa unaifuta. Safu nene itafanya malengelenge na kunata. Rudisha juu ya moto mpaka moshi uishe, paka tena. Mara tatu zinatosha, mara tano zinapendeza. Rangi itatoka kahawia ya asali hadi nyeusi ya masizi.

Angalizo kwa zana zenye makali: joto hilo linafika nyuzijoto 200 na zaidi. Kama makali yamekwisha kukazwa na hukuangalia, utayalegeza huku ukipamba. Makali yakae nje ya moto.

Na vitambaa. Hapa naomba unisikilize. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, mafuta yanapokauka hutoa joto, joto linakosa pa kutokea, na kitambaa huwaka chenyewe. Hakihitaji cheche. Kitandaze kwenye kamba nje mpaka kikakamae, au kizamishe kwenye ndoo ya maji.

Nimesikia mtu anatia chuma weusi kwa chai. Kweli?

Kweli. Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na kutu hugeuka weusi wenye ubluu unaoshika. Chemsha chai ya rangi nzito sana, zamisha chuma chenye kutu nyepesi kilichosuguliwa, kiache usiku kucha, osha, kausha, paka nta. Magome ya mkoko yana tanini nyingi kuliko chai, na zamani yaliuzwa nje ya nchi kutoka pwani hii kwa kazi ya ngozi. Lakini mikoko inalindwa kisheria, na ufuo wetu unaihitaji kuliko kulabu zangu. Chai inatosha.

Geti la nje je? Nalo nipake nta?

Hapana. Nta na mafuta ni vya ndani au vya kitu kinachoshikwa kila siku. Geti la pwani linataka praima na rangi, tena praima yenye zinki kama mfuko unaruhusu, kisha rangi mara mbili. Kuna mambo mawili ambayo mafundi wenzangu huyapuuza. Kona kali zivunje kwa tupa, maana rangi hukimbia ncha na kubaki nyembamba pale pale ambapo kutu huanzia. Na usiache mfuko wa maji: vyuma viwili vya pembe vilivyochomelewa kwa vidoti huku vimeacha mwanya vitaozea ndani, ukaona nje tu pakivimba. Chomelea mwanya wote au acha tundu maji yatoke.

Zana ya kwanza nitengeneze ipi?

Tindo, au kipigio cha kutobolea. Watu wanataka kisu. Kisu ni chembamba, kinajikunja kikichovywa, na kosa lolote linaonekana. Tindo ni nene na fupi, inasamehe, na ukishaimaliza utaitumia kutengeneza nyingine. Baada yake fua koleo, kisha patasi, kisha kisu ukipenda.

Nipate wapi chuma cha kufulia, na nitajuaje ni kizuri?

Washana, ukoo wa wahunzi wa Upare, waliyeyusha chuma chao wenyewe kutoka mchanga mweusi. Sisi kazi yetu ni kuokota kilichokwisha kuyeyushwa, hivyo tusilalamike.

Springi bapa za lori ndizo rafiki wa mhunzi wa nyumbani. Zina kaboni ya kutosha kukaza, kama nusu ya asilimia na zaidi kidogo, na zina ushupavu wa kustahimili kupigwa. Springi za mviringo za gari dogo zinafaa kwa tindo na vipigio. Tupa kuukuu ina kaboni kupita asilimia moja: inashika makali makali sana, lakini ni kavu, ikianguka sakafuni huvunjika kama kigae, kwa hiyo anayeanza aiache kwanza. Nondo za ujenzi hazikazi; fulia kulabu, miguu ya meza, mikono ya koleo.

Kama hujui ulichookota, kiguse kwenye jiwe la grenda na utazame cheche. Chuma laini kinatoa mistari mirefu isiyochanua sana. Chuma chenye kaboni kinachanua maua mengi karibu na jiwe. Weka kipande cha nondo na kipande cha tupa pembeni ulinganishe; jicho linajifunza siku moja.

Usiingize motoni kitu chochote kilichopakwa zinki: mabomba ya maji, mabati, bolti nyeupe. Zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907, chini ya joto la kufulia, na moshi wake mweupe utakulaza usiku na homa ya kutetemeka ambayo utadhani ni malaria. Pia usinunue kipande cha reli ambacho muuzaji hawezi kukueleza kimetoka wapi, hata kama ungekipenda kiwe fuawe, ile nguzo ya chuma ya kufulia juu yake. Kipande kinene cha chuma chakavu kilichozikwa kwenye gogo kinafua vilevile.

Makali yangu yanakunjika. Mengine yanamegeka. Nifanye nini?

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa kidogo.

Makali yanayokunjika hayakukazwa. Makali yanayomegeka yalikazwa yakaachwa hivyo hivyo. Kukaza ni hatua mbili na watu wengi hufanya moja.

Kwanza, baada ya kufua, kilainishe chuma: kipashe mpaka sumaku isikishike, kizike ndani ya majivu makavu, kiache mpaka asubuhi. Sasa tupa itakikata kama sabuni. Kipe umbo lake, piga msasa wa 120 hadi 240, lakini usiyafanye makali membamba bado. Acha unene wa sarafu, kwa sababu ncha nyembamba huungua na hupasuka.

Kisha kukaza. Fanya kivulini au magharibi jua likishazama, maana mwanga wa mchana unadanganya jicho, na chuma unachokiona kijivu kumbe kimeiva. Pasha sentimita nne au tano za mbele, ukikisogeza mbele na nyuma ili joto lienee. Gusisha kwenye sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma huacha kushikwa na sumaku karibu na nyuzijoto 770. Ipe pumzi chache zaidi za mvukuto, kisha chovya wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa mpaka yawe na uvuguvugu wa kuchoma kidole kidogo. Mafuta ya baridi ni mazito na yanapoza polepole. Maji ni makali mno kwa springi, hupasua. Oili chafu ya gari watu huitumia. Mimi niliiacha kwa sababu ya moshi wake. Chombo kiwe cha chuma, kirefu, chenye mfuniko wa chuma karibu, kwa kuwa mafuta yakishika moto unafunika. Usiyamwagie maji hata kidogo.

Pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama inapita juu ya kioo, umefaulu. Na sasa chuma hicho ni kigumu na kikavu, usikidondoshe.

Hatua ya pili ni kukirudishia ushupavu kwa joto dogo. Wengi huchoma kwa mwali. Mimi napenda mchanga. Osha mchanga wa pwani kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu utoke chumvi, ukaushe, ujaze sufuria kuukuu, uweke jikoni juu ya mkaa wa vifuu. Sugua patasi yako mpaka iwe nyeupe kabisa, maana rangi utakayoitafuta huonekana kwenye chuma kinachong'aa tu. Chomeka upande wa mpini ndani ya mchanga, makali yakitazama juu, kisha kaa chini utazame. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu karibu na mchanga panatokea rangi kama ya kuti lililokauka, nyepesi mno, unajiuliza kama unaiona au unaitaka tu. Inapanda. Nyuma yake inakuja ya asali, nyuma ya asali kahawia, nyuma yake zambarau, na chini kabisa bluu kama shingo ya tausi. Zote zinapanda pamoja kuelekea makali, na kadiri chuma kinavyokuwa chembamba ndivyo zinavyokimbia. Usiende kuitikia simu.

Kwa patasi ya mbao, asali ikigusa makali, karibu nyuzijoto 230 hadi 240, toa uchovye kwenye maji. Kwa tindo ya kukatia chuma, ngoja kahawia inayoingia zambarau, kama 260 hadi 275. Kwa shoka na tezo, zambarau. Springi yenyewe, bluu, karibu 300. Ule upande unaopigwa nyundo usiukaze kamwe. Uache laini, vinginevyo utarusha vipande machoni.

Tezo imenifundisha hili kwa aibu. Fundi mmoja wa mashua wa Kigombe aliniagiza tezo, nami kwa kutaka kumpendeza nikaiacha kwenye rangi ya asali kama patasi, iwe kali kuliko zote alizowahi kushika. Ilikuwa kali kweli. Siku ya nne ikakutana na fundo la mbao, na kikamegeka kipande kama mwezi mchanga. Alikuja nacho kimefungwa kwenye leso. Hakunilaumu. Alisema tu, "Fundi, hii ulimtengenezea mtu wa kukata siagi." Niliisaga, nikairudishia joto mpaka zambarau, nikampa. Sasa anainoa kila asubuhi na haimegeki. Makali yanayonoleka kila siku yanamfaa mtu wa mashua kuliko makali yanayodumu wiki kisha yakavunjika.

Nikinoa, nitumie pembe gani na nimalizie kwa nini?

Patasi, nyuzi 25 hadi 30, upande mmoja tu, na bapa la nyuma liwe tambarare kabisa. Kisu cha jikoni, nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kama huna kinoo kizuri, gundisha msasa wa 400 na kuendelea juu ya kioo kinene, utie maji. Kung'arisha kwa mwisho, sisi Tanga tuna bahati: katani. Magurudumu ya kung'arishia chuma viwandani hutengenezwa kwa katani, na mkonge uko hapa tangu 1893, alipouleta Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ikapona safari. Sokota fungu la katani, lipake mafuta na majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, sugua. Mkono utachoka lakini chuma kitameremeta.

Mpini wangu unacheza baada ya wiki mbili.

Ulitia mti mbichi. Mti ukikauka hupungua, na tundu la chuma halipungui. Kata mpini, uweke juu ya kenchi za jikoni miezi kadhaa, ndipo uuchonge.

Kwa nyundo na shoka napenda mpera: una unyumbufu, haupeleki mtikisiko mkononi. Kwa kipini cha patasi na nyundo ya mti, mkwaju. Mpingo ni mzuri kwa macho ila ni mzito na unateleza ukilowa jasho; uweke kwenye visu. Nyuzi za mti ziende sambamba na urefu wa mpini, zisikatize. Usigongee kichwa cha nyundo ndani ya mpini. Shika mpini kichwa kikiwa chini, hewani, kisha gonga mwisho wa mpini: kichwa kitapanda chenyewe mpaka kikwame. Maliza kwa kabari.

Patasi na visu vina msuka, ule mkia mwembamba unaoingia kwenye kipini. Vika kipini noleo, pete ya chuma au kipande cha bomba la shaba, la sivyo kitapasuka siku ya kwanza. Toboa tundu dogo kidogo kuliko msuka, pasha msuka usifike wekundu, huku umefunga makali kwa kitambaa kilicholowa, na uuchome uingie. Utatengeneza nyumba yake wenyewe.

Mama anataka mbuzi ya kukunia nazi. Nitumie chuma gani?

Springi bapa nyembamba, na huhitaji kuikaza. Panua kichwa kiwe kama kijiko kilichobanwa, saga ukingo, kisha chonga meno kwa tupa ya pembe tatu, meno yote yakiwa na kina kimoja, ncha zikitazama nje. Meno marefu yanararua nazi na kuchanganya maganda. Mafupi yanatoa chicha laini. Usipake rangi wala vanishi, kitaingia kwenye tui. Osha, kausha juani, futa kwa mafuta ya nazi. Hapa nazi inapata haki yake.

Naishi nyumba ya kupanga. Naweza kufanya kazi hii?

Ukiwa na ua na majirani wanaoelewana nawe. Banda langu la kwanza lilikuwa la makuti. Cheche moja ikapanda, na jirani ndiye aliyeiona. Paa liwe la bati, ndoo ya mchanga na ya maji ziwe karibu. Usifue ndani ya chumba, kwa sababu mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Vaa pamba, si nailoni, na mtu asikaribie grenda na kanga, shuka au kanzu inayopepea. Chuma cha moto usikiweke kwenye sakafu ya saruji, inaweza kuruka vipande. Na nyundo ziishe kabla ya adhana ya Isha.

Nimeachiwa tezo ya babu, kutu tupu. Niitupe?

Usiitupe, wala usiitie grenda. Isugue kwa brashi ya waya, bila birimbi wala siki kwa kuwa huenda bado imekazwa, kisha uitazame. Mara nyingi chini ya kutu kuna alama ya aliyeifua. Jaribu makali kwa tupa: ikiteleza, bado imekazwa, usiipashe hata kidogo, inoe tu kwa maji na uvumilivu. Mpini mpya wa mpera, kabari, nta. Ukimaliza, mpelekee anayeijua akuonyeshe jinsi ya kusimama nayo, mguu mmoja mbele, ubapa ukiingia chini ya unyayo.